Panzi wa Desemba walitagwa tangu masika: mwongozo wa kusoma msimu, udongo na mayai kwa wakulima wa Moshi na Arusha

Panzi anayetoboa maharage yako Desemba hakuanza maisha Desemba. Mara nyingi alitagwa miezi mingi nyuma, kwenye ukingo wa mfereji au chini ya kichaka cha mpakani, udongo ukiwa bado na unyevu wa masika. Akakaa humo ndani ya yai kipupwe chote na kiangazi chote. Mkulima anayetafuta dawa baada ya kuona mabawa amechelewa: panzi mkubwa anahitaji dawa nyingi zaidi kuliko mdogo, anahama ukimgusa, na pengine ameshataga mzigo wa mwaka ujao.

Hapa tunaanzia mbali zaidi. Tunasoma mvua, joto na udongo ili kujua panzi watataga lini, mayai yataanguliwa lini, na ni wiki zipi jembe na ndoo vinafanya kazi ambayo bomba la dawa halitaiweza baadaye. Hatua hizi zinafaa Kahe na tambarare za Hai, zinafaa pia Tengeru, Ngaramtoni na Monduli. Tarehe hazitalingana, na sababu yake tutaifikia.

Hatua ya 1: Jua panzi wako anasubiri mvua akiwa katika hali gani

Watu huuliza kwanza jina la panzi. Swali lenye faida zaidi ni hili: wakati wa ukame yuko wapi? Kuna wanaopita kiangazi wakiwa mayai ardhini, na kuna wanaopita kiangazi wakiwa wakubwa wenye mabawa, matumbo yao yakiwa bado hayajatengeneza mayai. Usipojua wa kwako ni wa kundi lipi utachimba pasipo na kitu, au utasubiri mwezi usio wake.

Kundi la kwanza mfano wake mkubwa ni panzi wa rangi, ambaye wataalamu humwita Zonocerus elegans. Ni mzito, haruki mbali, ana mabaka meusi, ya manjano na ya machungwa, na pembe zake nyeusi zina pete za machungwa. Wengi wana mabawa mafupi yasiyofika mwisho wa tumbo. Watoto wake ni weusi wenye vidoa vyeupe au vya manjano, nao hukaa kwa makundi juu ya magugu. Anakula maharage, mboga, muhogo, miche ya kahawa, michungwa na mengine mengi. Ana kizazi kimoja kwa mwaka, na yai lake hukaa ardhini kwa miezi sita hivi au zaidi. Mayai yaliyotagwa Mei, basi, yatafika Novemba yakiwa tayari. Rangi zake ni onyo: hukusanya sumu za mimea mwilini, kwa hiyo watoto wasimchezee wala kumchoma wakamla.

Kundi la pili mfano wake ni nzige mwekundu wa Rukwa, Katavi, Malagarasi na Wembere. Anapita kiangazi akiwa mkubwa lakini hajapevuka, na mvua za kwanza ndizo zinazomwamsha kupandana na kutaga. Baadhi ya panzi wa nyasi, wa kijani au wa kahawia, wana tabia hiyo hiyo. Ukiona panzi wakubwa wenye mabawa kamili kwenye nyasi kavu za Septemba, usitarajie mayai yao ardhini wakati huo. Watataga vuli ikianza.

Kuna namna rahisi ya kuhakikisha. Kamata majike kumi. Jike ni mkubwa kuliko dume, na ncha ya tumbo lake ina meno manne mafupi magumu, ambayo ndiyo anayochimbia. Dume ana ncha ya mviringo iliyoinuka juu. Waue kwa kuwatia kwenye kopo lenye maji ya sabuni, kisha pasua tumbo kwa wembe kuanzia upande. Ukikuta nyuzi nyembamba nyeupe tu, bado. Ukikuta vijidude vya manjano vilivyokaa kama punje za mchele vimepangwa pande mbili, kutaga ni suala la siku chache. Rudia kila wiki mbili. Hakuna kifaa cha bei kinachokwambia zaidi ya wembe huo.

Hatua ya 2: Elewa kile ambacho yai linadai

Sehemu hii isomwe polepole, kwa sababu kazi zote zinazofuata zinaitegemea.

Jike anahitaji vitu vitatu ili atage: chakula kibichi chenye protini, jua la kumpasha mwili moto, na udongo unaopenyeka. Panzi hana joto lake mwenyewe kama kuku. Anaota jua asubuhi mpaka mwili ufanye kazi, na mayai tumboni hukua kwa kasi ya joto hilo. Siku kumi za mawingu mazito mteremkoni huchelewesha mayai hata kama majani ni tele. Akikosa chakula, mwili wake huyavunja mayai yaliyokwisha kuanza na kuyarudisha kuwa chakula. Ndiyo maana ukame mkali katikati ya msimu hupunguza idadi ya vifuko vya mayai bila mtu kunyunyiza chochote.

Wakati wa kutaga, huingiza ncha ya tumbo ardhini na kuupima udongo. Uliokauka na kuwa kama tofali ataukataa. Uliojaa maji ataukataa pia. Anaoupenda ni ule uliolegea, wenye unyevu sentimita chache chini. Humo humwaga makumi ya mayai, akiyafunga kwa povu linalokauka na kuwa kama sifongo. Hicho ndicho kifuko, na povu lake la juu ni njia ya kutokea watoto na pia kinga dhidi ya kukauka.

Baada ya hapo yai linakuwa mali ya udongo. Mayai mengi ya panzi hufyonza maji ya ardhini, na uzito wake unaweza kukaribia kuongezeka maradufu kabla ya kuanguliwa. Yakikosa maji, baadhi yatasinyaa na kufa, mengine yatasimamisha ukuaji na kungoja. Joto nalo linaamua kasi. Udongo wa moto unaharakisha, wa baridi unachelewesha. Joto la hewa hupungua takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 unazopanda. Kutoka Kahe, kwenye mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, mpaka Arusha mjini, kwenye mita 1,400 hivi, tofauti ni kama nyuzi nne. Nyuzi nne zikikaa ardhini miezi mitano zinaleta pengo la wiki kadhaa. Kwa hiyo ndugu wa Kahe asimpigie simu ndugu wa Ngaramtoni kumwambia "wametoka, chimba leo". Kila mmoja apime kwake.

Mvua kubwa mno nayo si rafiki wa panzi, tofauti na wengi wanavyodhani. Inafukua vifuko kwenye miteremko, inajaza maji mabondeni, inagandisha uso wa udongo hata watoto wanashindwa kutoboa, na inawaangusha wachanga kutoka kwenye majani. Zaidi ya hayo, unyevu wa siku nyingi huleta kuvu. Ukiona panzi waliokufa wameshikilia kilele cha nyasi kwa miguu, vichwa vimeelekea juu, hao wameuawa na kuvu aitwaye Entomophaga grylli. Usiwaondoe. Kila mmoja ni kiwanda cha kuambukiza wengine.

Msimu wa hatari, basi, ni ule wa mvua za wastani zinazokatizwa na siku za jua. Wenye hatari kuliko wote ni ule wa mvua nzuri inayofuata ukame mrefu: ukame umepunguza kuvu na wadudu wanaokula mayai, ardhi ina mapengo matupu ya kutagia, halafu ghafla majani yanachipua. Wafugaji wa Monduli na Longido waliangalie hili kwa makini. Utafiti uliofanyika nyika za China na kuchapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba malisho yaliyochungwa kupita kiasi yalimfaa aina moja ya panzi wa huko, kwa kuwa nyasi zilizobaki zilikuwa na nitrojeni kidogo, kiwango kilichokuwa kinamstawisha. Panzi wetu si yule, lakini ardhi tupu iliyochakaa ni jambo la kutilia shaka popote.

Hatua ya 3: Pima mvua na udongo mwenyewe

Redio inatoa mvua ya mkoa, yai linajua mvua ya shamba lako tu. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, mfano la maziwa ya unga, liweke juu ya kigingi mita moja kutoka ardhini, mbali na miti. Kila asubuhi saa moja pima kina cha maji kwa rula na mwaga. Milimita moja ni sawa na lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Kosa la kawaida ni kuliacha hadi mchana, maji yakapungua kwa jua, ukaandika mvua ndogo kuliko iliyonyesha.

Mara moja kwa wiki chimba kishimo cha sentimita 10 mahali unaposhuku mayai. Chukua udongo wa sentimita 5 na wa sentimita 10, uufinye kiganjani. Ukishikamana na kubaki na alama za vidole, yai lina maji. Ukimwagika kama unga, linasubiri au linakufa.

Hatua ya 4: Tafuta mahali pa mayai, na utafute mapema

Panzi wa rangi ana tabia inayomponza. Majike hukusanyika na kutaga sehemu chache zile zile, vifuko vikawa vimesongamana eneo la mita chache tu. Wakati wa kuzitambua ni wanapotaga, si baadaye. Kuanzia masika yanapopungua, pita mipakani asubuhi na jioni. Ukiona panzi wengi wametulia chini, matumbo yamezama ardhini, madume yamewapanda mgongoni, chomeka kigingi kirefu chenye kitambaa. Kazi hiyo ya dakika moja inakuokolea siku nzima ya kuchimba ovyo Septemba.

Usipowaona wakitaga, anza na sehemu hizi:

– kingo za mifereji, hasa upande wenye kivuli, ambako unyevu hubaki hata kiangazi;
– chini ya vichaka, uzio wa michongoma na migomba ya pembeni mwa kihamba (shamba la nyumbani);
– ardhi iliyolala bila kulimwa kati ya mashamba mawili, kila mmoja akidhani ni ya mwenzake;
– tuta la barabara na kingo za njia za ng'ombe, kwa panzi wa nyasi wanaopenda udongo ulio wazi.

Katikati ya shamba linalolimwa kila msimu ni mahali pa mwisho pa kutafuta.

Tengeneza fremu kwa waya wa mita 2 uliokunjwa kuwa mraba wa sentimita 50 kila upande. Hiyo ni robo ya mita ya mraba. Itupe mara tano kila eneo, ondoa majani makavu, kisha kwangua udongo kwa mwiko au kisu cha bustani, sentimita mbili mbili hadi kufika 10. Usitumie jembe hapa, linavunja vifuko na utahesabu vipande. Kifuko kinaonekana kama kidole kidogo cha udongo kilichopinda kidogo, kizito chini, chenye povu la kahawia juu. Hesabu vifuko, gawa kwa tano, zidisha kwa nne, unapata idadi kwa mita ya mraba.

Ukikuta kifuko kina funza mweupe au mayai yamebaki maganda, furahi kwa tahadhari. Huenda ni watoto wa wale mbawakawa wenye mikanda myeusi na myekundu au ya manjano wanaokula maua ya maharage. Wakubwa wao ni adui zako, watoto wao wanakula mayai ya panzi. Pia kuna nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya mayai ya panzi. Eneo ambalo zaidi ya nusu ya vifuko vimeharibiwa namna hiyo, liache kama lilivyo.

Hatua ya 5: Pasua mayai ujue umebakiwa na muda gani

Chukua mayai kumi kutoka vifuko vitatu tofauti. Yaoshe, uyaweke kwenye kisosi cheupe na uyatoboe kwa sindano.

Maji maji ya manjano tu: ukuaji uko mwanzoni, au limesinyaa. Angalia ganda. Likiwa limejaa na kung'aa, liko hai. Likiwa na mikunjo na udongo umekauka, linaweza kuwa hai au limekufa, kwa hiyo lilaze kwenye pamba yenye unyevu siku mbili. Likijaa tena, lilikuwa linangoja.

Vidoa viwili vyekundu au vya kahawia upande mmoja: ni macho. Kiumbe kimeshaumbika.

Miguu na pingili za tumbo zinaonekana wazi: wiki chache au siku chache tu zimebaki, na kama udongo umelowa wanaweza kutoka hata kabla hujamaliza kujipanga.

Kama ganda halionyeshi kitu, loweka mayai kwenye dawa ya kuondoa madoa ya nguo yenye klorini kwa dakika chache ukiyatazama. Tabaka la nje litayeyuka na ndani kutaonekana. Yatoe mara yanapoanza kuangaza, ukichelewa yanapasuka. Fanya kazi hii nje, usichanganye dawa hiyo na siki wala sabuni ya chooni.

Hatua ya 6: Chimbua wakati wa jua, si wakati wa nafasi

Kwa panzi wanaosubiri wakiwa mayai, dirisha lenu ni kiangazi cha kati ya kipupwe na vuli, yaani Septemba na mwanzo wa Oktoba kwa sehemu nyingi za Kilimanjaro na Arusha. Jua limerudi, udongo wa juu ni wa moto, mvua haijafika. Juni na Julai unaweza kuchimba, lakini mawingu na manyunyu ya mteremkoni yanafanya udongo uliopinduliwa ubaki na unyevu, na mayai yanaishi.

1. Fyeka kichaka kinachotia kivuli, uache jua lifike chini. Usichome moto. Moto wa juu haufiki sentimita 5 chini kwa joto la kuua mayai, unaua wadudu wanaoyala.
2. Chimba kwa jembe hadi sentimita 10 katika eneo lote lililowekewa vigingi, na nusu mita zaidi kuzunguka.
3. Ponda mabonge. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: bonge lenye ukubwa wa ngumi linabaki na unyevu ndani, na kifuko kilichomo hakijui kama umechimba.
4. Tawanya udongo uwe tabaka nyembamba, vifuko vikiwa juu. Waachie kuku na kanga siku hiyo hiyo. Panzi wa rangi mkubwa wanaweza kumkataa, ila mayai watayachakura.
5. Geuza tena baada ya siku mbili au tatu za jua kali. Pasua mayai kumi. Yakiwa bado yamejaa, rudia.

Kwenye ukingo wa mfereji usichimbe bila kukubaliana na wenzako wa zamu ya maji, maana ukingo uliolegezwa unaweza kukatika vuli na kumwaga maji ya watu wote. Chimba sentimita 10 tu, kwa vipande, na ushindilie tena mwishoni. Mkiufanya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wa mpaka mzima, kazi inalipa mara nyingi zaidi. Mpaka uliochimbwa upande mmoja tu utarudisha panzi wale wale.

Hatua ya 7: Mvua ya kwanza ikinyesha, anza kuhesabu

Andika tarehe ya mvua ya kwanza iliyolowesha udongo mpaka sentimita 10. Manyunyu ya milimita mbili hayahesabiki. Kuanzia siku hiyo pita mahali pa vigingi kila asubuhi ya pili.

Mayai yaliyokuwa tayari hutoka kwa wingi ndani ya siku chache. Yaliyotagwa mvua hiyo hiyo na kundi la pili yanahitaji wiki kadhaa. Kwa hiyo kuna uwezekano wa mawimbi mawili, na mkulima anayemaliza kazi wimbi la kwanza na kuweka ndoo stoo anashangaa Januari.

Vuli ya uongo iangalie kwa jicho la pekee. Mvua ya siku tatu Oktoba inaangua watoto, kisha jua linapiga wiki tatu na magugu yananyauka. Tunutu, yaani mtoto wa panzi asiye na mabawa, akiwa mchanga anahitaji jani laini ndani ya siku chache, asipolipata anakufa. Msimu kama huo unawafyeka wengi bila mkono wako, isipokuwa pale palipo na kijani cha kumwagilia. Bustani ya mchicha au sukuma wiki kando ya mfereji inakuwa kimbilio lao pekee. Ukiona vuli imekatika, usizunguke mpaka wote. Simama kwenye bustani.

Tunutu wa panzi wa rangi hulala wakiwa wamesongamana juu ya magugu. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi bado wana baridi na hawaruki. Weka kijiko kimoja cha sabuni ya unga kwenye lita 10 za maji, inamisha tawi juu ya ndoo, litikise kwa pigo moja. Wakidondokea kwenye maji hayo hawatoki. Kazi hii ni ya wiki mbili tatu za mwanzo, kabla hawajatawanyika. Jua likishapanda, acha mpaka kesho yake.

Mwarobaini unafaa kwa hatua hii pia, kwa sababu unawazuia kula na kuvuruga kujivua gamba. Twanga gramu 500 za mbegu kavu, loweka kwenye lita 10 za maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa mara mbili, ongeza sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Jua huivunja dawa hiyo ndani ya siku chache, kwa hiyo rudia. Mbegu zenye ukungu hazina nguvu, na maji yasiyochujwa vizuri huziba bomba.

Panzi wa rangi huvutwa na mimea ya jamii ya marejea, ambako hupata zile sumu za kujikinga. Anayepanda marejea kurutubisha udongo aijue tabia hiyo. Ukiiacha iwe pembeni mwa bustani bila kuikagua, umewaita wageni. Ukiikagua kila asubuhi na ndoo yako, umepata mtego.

Hatua ya 8: Dawa, kama imebidi

Wafugaji wa Marekani kwa muda mrefu wametumia kipimo cha panzi wanane kwa yadi moja ya mraba kabla ya kunyunyiza malisho. Ni kipimo cha nyasi. Kwenye kitalu cha kahawa au mboga zenye majani mawili, wachache kuliko hao wanamaliza tuta usiku mmoja. Angalia zao, umri wake na kama panzi wanaongezeka kila unapohesabu.

Tumia dawa iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake yako Ngaramtoni, na soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kabla ya kuchanganya, pima bomba: tia lita 5 za maji matupu, nyunyiza mita 10 kwa 10, pima yaliyobaki. Kilichotumika zidisha kwa 40, hicho ndicho kiasi cha maji kwa ekari. Mara nyingi hauhitaji ekari nzima. Ukanda wa mita 5 hadi 10 kuzunguka mpaka wenye tunutu unatosha, na nyuki wa katikati ya shamba wanapona. Nyunyiza jioni, ukiwa na glavu, buti na barakoa.

Ipo pia dawa ya kuvu iitwayo Metarhizium acridum, iliyotumika Tanzania mwaka 2009 dhidi ya nzige mwekundu. Haiui papo hapo, huchukua wiki moja hadi mbili au zaidi. Panzi aliyeambukizwa huota jua muda mrefu ili mwili uwe moto mno kwa kuvu, na siku za baridi kali kuvu mwenyewe hukua polepole. Anayeitathmini kesho yake asubuhi ataiona haifai, na hapo atakuwa ameikosea.

Ukiona tunutu wakitembea kwa kundi

Hapo si kazi ya shamba moja. Mwaka 2018 vimbunga viwili, Mekunu wa Mei na Luban wa Oktoba, vililowesha jangwa la kusini mwa Rasi ya Uarabuni. Nzige wa jangwani wakazaliana humo vizazi vitatu bila mtu kuwaona. Kizazi kimoja cha nzige hao huchukua kama miezi mitatu na kinaweza kuongeza idadi mara 20, kwa hiyo vizazi vitatu vinaweza kufika mara 8,000. Mvua zisizo za kawaida za mwishoni mwa 2019 zikawapa chakula Afrika Mashariki, na mapema 2021 makundi yakaingia kaskazini mwa Tanzania, Simanjiro na Longido zikiwamo.

Ukiona mabaka ya tunutu wanaosonga upande mmoja, au nzige wengi wamekaa kwenye udongo wa kichanga uliolowa, andika mahali, saa, ukubwa wa eneo kwa hatua, na mwelekeo. Piga picha karibu na uipeleke kwa afisa ugani wa kata siku hiyo hiyo. Usiwatimue. Wakitagia eneo linalojulikana, vikosi vinajua pa kurudi baada ya wiki mbili hivi, muda ambao mayai yao huchukua ardhi ikiwa ya moto. Na usiwakusanye kwa kula eneo likishanyunyiziwa.

Daftari

Safu sita zinatosha: tarehe, milimita za mvua, unyevu wa udongo kwa sentimita 5 na 10, vifuko au tunutu kwa mita ya mraba, hali ya mayai kumi, na kazi iliyofanyika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli na wa masika kabla ya kila msimu. Ubandike kwenye ukurasa wa kwanza wa msimu huo. Mwaka wa kwanza daftari litakusaidia kidogo. Mwaka wa tatu utaweza kulinganisha mwelekeo wa vuli na vifuko ulivyovikuta Septemba, ukaamua mapema kama miche ya kahawa ipandwe mwanzo wa mvua au isubiri wimbi la kwanza la tunutu lipite.